Mke wangu anakuja kulima mahali pa kupakulia chumvi

Hombo, tarehe 9 mwezi wa saba 1956

Kwako Mama Adelaïde, unayejibu barua za watu katika gazeti hili,

Nakusalimu sana. Ninaandika nikikaa juu ya gunia la chumvi kwa sababu kiti hakuna na kamio ya mizigo ya leo haijafika, na kama maneno yangu yatakuwa marefu unisamehe, shule niliiachia mwaka wa tatu, pale wanapokuwa wamekwisha kumfundisha mtu kuandika lakini bado hawajamfundisha kunyamaza. Jina langu usiliandike. Andika tu Mpakuzi wa Hombo. Watu wa hapa watajua ni mimi, lakini hao wamekwisha kunicheka, hawana kicheko kipya.

Mimi ni mtu wa Burungu, kule Masisi, juu milimani penye baridi na viazi na ng'ombe. Huu ni mwaka wa tatu niko mbali na kwetu. Kwanza nilivunja mawe ya barabara, mawe yakaisha, ndipo nikapata kazi hapa upande wa Walikale kwa mfanyabiashara mmoja, Papa Kanyamibwa, mwenye duka la chumvi, sabuni na vitenge. Kazi yangu ni kushusha magunia kutoka kwenye kamio, zile gari kubwa za mizigo, na kuyaingiza dukani. Mama, chumvi ni nzito kuliko watu wanavyodhani wanapoitia kwenye mboga ya sombe kwa vidole viwili, na ikichanganyika na jasho shingoni unalala umefungwa kitambaa cha maji kama mtoto mwenye homa. Mvua ya huku inanyesha hata siku ambayo haina kazi na sisi, na vilima vyote vimefunikwa na miti, huwezi kuona hata kimoja kilicho wazi mpaka juu, na mtu wa kwetu asipoona kilima kilicho wazi anakuwa kama amefungiwa ndani.

Sasa shida yenyewe. Barabara yetu ni nyembamba, na kamio zote hufika pamoja, kwa sababu kuna siku za kushuka kutoka Bukavu na siku za kupanda kurudi, hazipishani njiani. Zamani zilisimama hovyo mbele ya maduka, moja hapa, moja pale, moja imeziba daraja, na mashofere wakitukanana mpaka wakamaliza ndugu zao wote. Mwaka huu Bwana Agenti wa Serikali akaleta sheria: hakuna kamio kusimama kando ya barabara kushusha mizigo bila permi, karatasi ya ruhusa. Kila duka likaomba permi yake, likapimiwa mahali pake mbele ya mlango, metre kumi na mbili kwa metre tatu, na pembe nne zikawekwa mawe yaliyopakwa chokaa. Kwenye karatasi wanaandika jina la mwenye duka, aina ya mizigo, saa za kupakua, na chini kabisa jina la mtu atakayesimama pale kuipokea kamio. Mtu huyo ni mimi. Jina langu liliandikwa kwa mashine, Mama Adelaïde, kwa mashine! Na muhuri ukapigwa karibu yake hata wino ukagusa herufi ya mwisho.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepata barua ya mke wangu, Dancille. Yeye hajui kusoma. Maneno yake humwambia katekista wetu, Védaste, ndiye anaandika, na barua zangu zikifika Védaste huzisoma kwa sauti mbele ya watu baada ya sala ya Jumapili, maana anasema habari ya mtu aliye mbali ni habari ya wote. Dancille aliniambia kwamba mdogo wangu Hakorimana anatembea kila mahali akisema nimekwenda miaka mitatu kubeba vitu vya watu, na kitu pekee kilichorudi nyumbani ni blanketi lenye tundu. Mama, tundu lile lilikuwa dogo. Roho iliniuma. Nikachukua karatasi nikaandika: Serikali imenipimia mahali hapa Hombo, metre 12 kwa 3, mawe meupe kwenye pembe zote nne, jina langu liko kwenye karatasi pamoja na muhuri. Hakuna neno la uongo pale. Jina la Papa Kanyamibwa sikuliandika, karatasi ilikuwa inakwisha. Habari ya kamio nayo sikuiandika, kwa sababu hiyohiyo.

Védaste akasoma. Wakapiga makofi.

Halafu kuna mambo ya maharagi, nayo nayasema maana nikiyaficha utayasikia kwa wengine. Mtu wa kwetu hawezi kuona udongo uliopimwa ukakaa mtupu. Kamio zinafika kwetu siku tatu kwa wiki, siku nne udongo unalala bure mbele ya macho yangu, nami nilikuwa natazama, natazama, mpaka siku moja nikaona mikono imekwisha kuchimba. Nikapanda maharagi. Sikupanda katikati, nilipanda pembeni, mistari miwili karibu na baraza, mahali gurudumu halifiki. Yakaota, Mama, udongo wa huku hauna ubishi. Bwana Agenti alipopita kukagua akasimama, akauliza ile ni nini. Édouard, karani wa duka letu, ambaye ana moyo mwema na ulimi mwepesi, akamjibu: "Gunia lilitoboka, Bwana, yameota yenyewe." Bwana Agenti akayaangalia yalivyosimama mstari kama wanafunzi, kila shina na kijiti chake cha kupandia, akasema, "Gunia hili lilikuwa na akili nyingi," akaenda zake.

Siku nyingine shofere Émile alirudisha kamio nyuma kidogo kupita kiasi, nami kabla sijafikiri nikampigia kelele: "Toa ng'ombe yako shambani kwangu!" Basi tangu siku hiyo Mama Agathe, anayeuza bugali karibu na duka letu, ananiita Chifu wa Metre Tatu. Nikipita na gunia mgongoni anauliza, "Chifu, leo unalima ao unabeba?" Nikikaa kula anauliza kama nimeleta kiti changu cha kifalme.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini Ijumaa iliyopita kamio ya Émile, ambayo inatoka Sake kwa njia ya Kirotshe na Bukavu, iliingia katikati ya mawe yetu. Nikainua mkono kuipokea kama inavyotakiwa. Polisi akasimama na permi yetu mkononi. Chumvi ikashuka. Sabuni ikashuka. Halafu Émile akashuka na mbuzi.

"Hii iko ya nani?" polisi akauliza.

"Ya huyu," Émile akasema, akinionyesha mimi. "Baba mukwe wake, Papa Nzabandora wa Burungu, njo alinipatia pale Sake. Alisema ni ya kalinzi."

Mama, kama wewe si mtu wa Masisi, kalinzi ndicho kitu ambacho kwetu mtu aliyepata shamba humpa chifu wa udongo ule, mbuzi ao zaidi, ili shamba lijulikane kwamba ni lake na watoto wake. Baba mkwe wangu ni mtu wa haki. Hakutaka binti yake akae kwenye udongo ambao haujatolewa kitu.

"Kalinzi ya shamba gani?" polisi akauliza.

Mimi nikainama kushika kamba ya mbuzi. Mama Agathe akajibu mahali pangu. "Ya shamba hii hapa! Mutoke wote, munakanyaga mali ya muntu!"

Polisi akasoma permi toka juu mpaka chini, polepole, kidole kikifuata mstari. "Hapa kumeandikwa chumvi, sabuni, vitenge. Mbuzi hakuna. Duka yenu inauza mbuzi?"

"Hapana, Papa."

"Basi mbuzi hii imeshushwa bila permi."

Rafiki yangu Athanase, mwindaji wa hapa hapa Walikale, alikuwa ameleta nyama yake ya moshi kuuza. Akanishika bega. "Kaka, mupelekee chifu wetu tu. Mbuzi nzuri namna hii, atakupatia barabara yote mpaka Kisangani. Utakuwa unalima, kamio zinapita pembeni zinakusalimia."

Polisi alicheka mpaka akasahau kuniandikia kosa. Wote walicheka. Na mimi nilitaka kucheka, lakini shingoni mwa mbuzi kulikuwa kitambaa kimefungwa fundo, na ndani ya kitambaa barua.

Ni barua ya Dancille kwa mkono wa Védaste. Anasema Mungu asifiwe, maana sasa wametambua kwamba sikwenda bure. Anasema mtama ukikwisha kuvunwa, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, atamwachia Hakorimana shamba letu la kilimani, mbele ya watu wote, pombe ya kasiksi imekwisha kutiwa, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kulima mahali pawili. Halafu atashuka na watoto wote watatu, na majembe mawili, na kikapu cha viazi vya mbegu. Anasema nisijenge nyumba kabla yeye hajafika kuona upepo unatoka upande gani. Na Emérita, mtoto wetu wa mwisho, ambaye nilimwacha bado anatambaa, anauliza kama yale mawe meupe mtu anaweza kuyakalia.

Mama Adelaïde, shamba lile alilikata baba yangu. Ndilo linalowalisha. Hakorimana si mtu mbaya, ana mdomo tu, lakini shamba likikwisha kutolewa mbele ya watu na kasiksi ikanywewa, halirudi, na atakuwa amepanda, na mimi mwenyewe nitaona haya kumwambia ang'oe. Watoto wangu watakuwa wamekaa hapa kando ya barabara juu ya metre kumi na mbili za mtu mwingine, wakiondoka kila kamio ikiingia.

Nikiandika ukweli, Védaste atausoma kwa sauti, Hakorimana akiwa benchi ya mbele na ule uso wake. Nikitaka kwenda mwenyewe, Papa Kanyamibwa anasema, "Jina yako iko kwenye permi. Ukienda, nani atasimama? Kamio ikikosa muntu wa kuipokea wataipitisha mpaka Walikale na chumvi yangu ndani." Ni kweli, sheria ndiyo hiyo. Jina lile nililojivunia ndilo limenifunga hapa, sasa niko kama jiwe la tano.

Nimefikiri kuandika kwamba Hombo kumeingia ugonjwa, wasije. Nimefikiri kumwomba Bwana Agenti shamba la kweli. Siku moja nimechoka sana nilifikiri hata kupanda kamio ya Kisangani na kujiita jina lingine. Mbuzi nimemfunga nyuma ya duka, lakini alifungua kamba akala mstari mmoja wa maharagi. Zimebaki wiki tatu na siku sita. Nisaidie, Mama, na ukiweza usinigombeze sana, mgongo unaniuma.

Ni mimi, Mpakuzi wa Hombo


MAMA ADELAÏDE ANAJIBU

Baba Emérita,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilimfikiria Dancille akichagua viazi vya mbegu, kimoja kimoja, akiweka vile vizuri upande wa safari, nikaacha kucheka. Nakujibu kwa ile mara ya pili.

Unasema hakuna neno la uongo katika barua yako. Ulichukua karatasi ya ukweli ukaikata juu na chini ukatuma kipande cha katikati. Na usiniambie tena kwamba karatasi ilikuwa inakwisha. Kwangu umeandika kurasa sita, na kwenye ya sita umeandika mpaka pembeni, ukizunguka.

Pole kwa mgongo. Pole pia kwa maneno ya mdogo wako, maana najua yanavyochoma, mtu anabeba chumvi miaka mitatu na wengine wanahesabu tundu la blanketi. Kubeba chumvi si aibu, Baba Emérita. Kila mtu wa Walikale anayekula chakula chenye ladha, sehemu ya ladha ile imepita shingoni mwako. Ungeandika hivyo. Ungeandika: nafanya kazi ngumu, nimechoka, nawakumbuka. Dancille angelia kidogo, angekwenda shambani kwake, na leo mbuzi wa baba yake angekuwa anakula majani ya Burungu badala ya kula ushahidi wako.

Sasa tuangalie unaogopa nini. Unaogopa kuchekwa. Lakini Mama Agathe anakucheka kila siku na bado unakula bugali lake, wala sioni kama umekonda. Uso wako ulikwisha kuanguka zamani, siku ulipomfukuza Émile kama ng'ombe, na dunia haikusimama. Kilichobaki cha kuokoa ni shamba. Shamba lina watu wanne juu yake, uso wako una mtu mmoja.

Hizo njia zako tatu, afadhali ungemwachia mbuzi afikiri. Ukiandika kwamba kuna ugonjwa, Dancille hatakaa nyumbani. Atakuja haraka zaidi, na dawa ndani ya kikapu, nami ningefanya vilevile. Bwana Agenti amekwisha kuona maharagi akageuza macho, usimwongezee kazi mtu aliyekuonea huruma. Na Kisangani, ee baba, utajiita nani? Jina lolote utakalochukua, Emérita bado atauliza kama mawe yale yanakalika.

Nilikwenda kumuuliza karani mmoja ambaye kazi yake ni kuandika permi za namna hii. Alicheka na yeye, nisamehe, nilimsomea kidogo. Akaniambia: permi ni ya duka. Jina la chini ni la mtu anayesimama tu, na linabadilishwa siku yoyote. Mwenye duka anapeleka ile karatasi ya zamani, anasema fulani atasimama badala ya fulani kwa wiki mbili, wanaandika, wanapiga muhuri, kwisha. Kwa hiyo Édouard asimame. Mtu aliyeweza kumwambia Mzungu kwamba gunia lilipanda maharagi kwa mstari, ataweza kuinua mkono kamio ikiingia. Na wewe Papa Kanyamibwa, najua gazeti hili unalisoma kabla ya kufungia sabuni: ulipewa permi ya kupakua chumvi, hukupewa ya kumfungia mtu asione watoto wake. Mwache aende. Atarudi akiwa mpakuzi mzuri zaidi, maana siku hizi magunia mawili anabeba mgongoni na la tatu rohoni.

Mbuzi usimpeleke kwa chifu wa huko. Angempokea kwa nia njema, na wewe ungekuwa umemdanganya mtu wa pili mwenye heshima zake. Mbuzi arudi. Mwombe polisi amwandikie karatasi yake, safari hii apakiwe kwa sheria, na kamba umkabidhi Papa Nzabandora wewe mwenyewe, kwa mikono miwili, kabla hujakaa na kabla hujanywa chochote. Umwambie, "Baba, hakuna shamba." Maneno hayo ni matatu. Hata karatasi inayokwisha inayatosha.

Lakini kabla yake, Dancille. Usimwambie mlangoni, usimwambie mbele ya watoto. Mtafute kwenye mtama, chukua kisu uvune pembeni yake, na maneno yaanze wakati mikono yenu yote miwili ina kazi. Mwambie kuhusu kamio, kuhusu Papa Kanyamibwa, kuhusu ulivyokata karatasi. Atanyamaza. Usiujaze ukimya wake, wewe mtu wa kurasa sita. Endelea kuvuna. Akianza kuuliza ni shina ngapi za maharagi ulizopanda barabarani, ujue umesamehewa, ao unaanza kusamehewa. Ule mstari ambao mbuzi aliuacha, uchume wote, uufunge kwenye kile kitambaa alichokifunga shingoni mwa mbuzi, umpe. Mwambie haya ndiyo mavuno yote ya Hombo. Yapandwe kilimani, penye udongo wako.

Mdogo wako atacheka. Mpe nafasi acheke mpaka amalize, halafu mwombe blanketi ulishone.

Sasa sikia jambo la mwisho, nalo si la kufikiria sana, ni la kufunga mzigo.

Mashauri haya yote sikuyaweka gazetini kwanza. Siku niliyopata barua yako nilikuandikia kwa mkono, nikampa Émile alipopita hapa Bukavu, akakupa. Émile anasema uliisoma ukiwa umesimama, ukaikunja, ukaitia mfukoni, ukasema, "Nitaangalia." Siku saba zimepita, bado unaangalia. Basi nimeipeleka barua yako kwenye mashine. Uliniomba nifiche jina lako, nimelificha. Hukuniomba nifiche Burungu, wala Dancille, wala Papa Nzabandora, wala katekista, wala blanketi.

Gazeti hili litafika Hombo Jumanne hii, tarehe 24. Kamio za kupanda zinatoka hapo Jumatano asubuhi. Ukiwa juu ya moja, wewe na mbuzi, Alhamisi utapita Kirotshe, na Jumamosi miguu yako itakuwa Burungu. Gazeti lenyewe litafika Burungu Jumamosi hiyo jioni, mikononi mwa Védaste, na Védaste tunamjua mimi na wewe. Jumapili, baada ya sala, atalisoma, kwa sauti, kuanzia gunia la chumvi mpaka hapa. Una siku moja mbele yake. Itakutosha ukiacha kuangalia.

Kaka Védaste, ukifika hapa pumua kidogo, halafu soma haya polepole.

Mama Dancille. Usimwachie mtu shamba lako. Hata kama kasiksi imekwisha kutiwa, wanywe kwa kushukuru mtama, inatosha. Huko Hombo hakuna udongo wa kwenu, kuna mawe manne ya duka, na mtu mmoja aliyechoka ambaye aliona haya kukuambia amechoka. Kama hajafika, mkasirikie vizuri, na uvune.

Lakini nadhani amefika. Geuka uangalie mlangoni, yule mwenye kamba ya mbuzi mkononi. Kama jana alikutafuta kwenye mtama, unajua yote na mimi nimepoteza wino. Kama hakukutafuta, bado amekuja mwenyewe kusikia akisomwa, na hilo si dogo kwa mtu wa namna yake. Msogezee nafasi kwenye benchi. Nusu metre itamtosha, na kwa nusu hiyo hahitaji muhuri wa mtu yeyote.

Ni mimi, Mama Adelaïde